Unataka kusoma digrii kwa masafa huku unafanya kazi? Soma hii kabla hujalipa ada

Kila msimu wa udahili ukifika napigiwa simu na walimu wenzangu, manesi, watu wa halmashauri, juzi kati hata askari mmoja, na swali lao ni lilelile, "mwalimu eti kusoma huria kukoje, ni rahisi?" Wanamaanisha kusoma kwa masafa, yani chuo kiko mbali na wewe unasomea hapohapo ulipo. Jibu langu huwa refu mpaka salio linakata katikati, kwahiyo nimeona niandike yote hapa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Rukwa, nilianza kazi na cheti, nikapanda diploma, afu digrii nikaisomea kwa masafa nikiwa palepale kijijini na vipindi vyangu kama kawaida, imenichukua miaka mitano. Sijutii hata siku moja. Ila kuna vitu ningeambiwa mapema ningeokoa hela na machozi.

La kwanza kabisa: masomo yenyewe ni yaleyale ya chuo chochote, hayajapunguzwa na hayajaongezwa. Kinachowashinda watu ni kwamba huku hakuna anayekungoja. Ukiwa chuo cha kukaa bweni, usipoonekana darasani wiki mbili mwenzako wa chumba atauliza, CR, yani kiongozi wa darasa, atapiga simu, hata mama ntilie wa pale getini atauliza yule kijana yuko wapi. Huku unaweza ukapotea miezi minne na dunia isijue. Sisi kutoka wilaya yetu tulianza watu tisa, tuliovaa joho ni wanne, na katika wale watano hakuna hata mmoja aliyedisko, yani aliyeondolewa chuo kwa kufeli. Walipotea taratibu tu. Mmoja alipata msiba, mwingine akahamishwa kituo, mwingine akasema semista hii napumzika, ikaja nyingine, basi. Kwahiyo karibu kila ninachokuelekeza hapa chini lengo lake ni moja, kutengeneza mtu au kitu kinachokungoja.

Kuna wanaoona hii elimu ni ya juzi juzi na ya kubahatisha, hao nawaambia hapana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi 1993, na kina vituo mikoani mpaka huku kwetu. Waingereza Open University yao ni ya 1969. Wenzetu Kenya wamefungua chuo chao huria 2023 pale Konza. UNISA ya Afrika Kusini imeanza kufundisha watu kwa njia ya posta toka 1946, na huko ndiko Mandela alikomalizia digrii yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Watu wanapenda sana kunitajia Mandela, "mzee alisoma jela we unashindwa nini", lakini hawamalizii, kwamba sheria aliianza chuo kikuu cha Wits, Johannesburg, mwaka 1943. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Ukiona mwaka wa nne bado uko na kozi za mwaka wa pili usijidharau, ilimradi uko ndani ya muda wa juu ambao chuo chako kinaruhusu, na huo muda uulize siku ya kwanza, uuandike ukutani.

PIGA HESABU YA MASAA KABLA YA HESABU YA HELA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa utaratibu wa Tanzania krediti moja inahesabika kama masaa 10 ya kusoma, na digrii ya miaka mitatu inaanzia krediti 360. Maana yake ni masaa 3,600, na hapo kuna kusoma, kuandika asaimenti, kujiandaa na mitihani, kila kitu. Sasa chukua mwaka uwe na wiki 40 za kusoma kweli, zile 12 nyingine zinakwenda na misiba, sikukuu, homa za watoto na kusahihisha mitihani ya wanafunzi wako. Ukitaka kumaliza miaka mitatu unatakiwa masaa 30 kila wiki. Masaa 30 ni ajira nyingine hiyo ndugu yangu. Ukienda miaka mitano inakuwa 18, miaka sita inakuwa 15.

Mi nilichagua 18, na niliyagawa hivi: Jumatatu mpaka Ijumaa alfajiri saa kumi mpaka saa kumi na mbili, hapo tayari masaa 10, Jumamosi matano, Jumapili mchana matatu. Nilijaribu usiku nikashindwa, mtu umesimama ubaoni kutwa nzima na darasa la watoto 90, saa tatu usiku ukifungua kitabu unasoma mstari mmoja mara sita. Alfajiri nyumba imelala, simu hailii, taa ya sola bado ina chaji kidogo, nilikuwa nakaa jikoni na shuka mabegani maana Rukwa mwezi wa sita na wa saba baridi yake sio ya mchezo. Mke wangu alijua kwamba ile meza ya jikoni mpaka saa kumi na mbili ni yangu, watoto walijua. Usianze kusoma kabla hujakaa na watu wa nyumbani kwako mkakubaliana masaa, na wakubali kwa midomo yao, sio wewe ujikubalie kichwani.

Kina dada na kina mama hapa naomba niwasemee kidogo. Kila mtu atakwambia faida ya masafa ni kusoma ukiwa nyumbani, na ni kweli, kuna mama tulikuwa naye kwenye kundi alianza ana mtoto wa miezi mitatu na kule chuo cha kukaa asingekwenda kabisa. Lakini nyumbani hapohapo ndiyo mtego. Akikaa na kitabu anaonekana amekaa tu, hivyo ataitwa kupika, wageni watakuja, mkwe ataumwa. Alichofanya yule mama ni kuhama, kila siku baada ya kazi alibaki kwa muda wa saa moja na nusu kwenye ofisi ya walimu mlango umefungwa, ndipo anarudi nyumbani. Kama huna ofisi tafuta kanisa, msikiti, maktaba ya shule, popote ambapo hawawezi kukutuma.

NANI ASISOME KWA MASAFA

Hili nalisema na watu wananikasirikia. Kama wewe ni kijana umemaliza form six juzi, una sifa, na umepata nafasi ya kwenda chuo cha kukaa na mkopo wa bodi ya mikopo juu, nenda. Nenda kakae na wenzako, kabishane kwenye vimbweta, vile viti vya nje chuoni, kajue watu. Unachokipata pale nje ya darasa mimi nimekitafuta miaka mitano kwenye simu na sikukipata chote. Masafa yanamfaa zaidi mtu ambaye tayari yuko kazini, anajua digrii anaitaka ya nini, na akiacha kazi familia haili. Mshahara unaendelea kuingia huku unasoma, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote na haina mpinzani. Na unachosoma asubuhi unakitumia mchana, nimesoma saikolojia ya ujifunzaji nikaenda kuijaribu darasa la tatu siku hiyohiyo.

Kuna na aina za masomo. Udaktari, uuguzi, uhandisi, hivyo vinataka mikono na maabara, mtu akikuambia utavimaliza vyote kwenye simu mkimbie. Sayansi za kawaida zinawezekana ila utaitwa kwenye praktiko, panga nauli na ruhusa. Na wale wa sheria sikilizeni vizuri: LLB, yani digrii ya sheria, unaweza kuisoma kwa masafa mpaka mwisho, lakini kama ndoto ni kuwa wakili bado kuna Law School, shule ya mafunzo ya uwakili, pale Dar es Salaam na kule unakwenda kwa miguu yako. Kuna jamaa yangu alikuja kulijua hilo akiwa mwaka wa mwisho, akakaa kimya siku nzima.

Kama huna sifa za kuingia digrii moja kwa moja usikate tamaa, Chuo Huria kina kozi ya msingi kwa ajili ya watu wa namna hiyo, unaifaulu kwa kiwango kinachotakiwa ndiyo unaendelea.

CHUO NI CHA KWELI? NA MWAJIRI ANAJUA?

Kabla ya kulipa senti, ingia tovuti ya TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uangalie vitu viwili: chuo kimo, na programu yenyewe unayotaka imo. Watu wengi wanaangalia chuo tu wanaacha programu. Kama ni chuo cha nje, kile ulichokiona kwenye tangazo kinasema digrii ya mwaka mmoja bila mtihani, wasiliana kwanza na TCU uulize kama tuzo yake itatambulika hapa, maana ukishamaliza ndipo uambiwe haitambuliki, hela haitarudi wala miaka. Wa Kenya, kuangalia kama chuo na programu vimeidhinishwa kwenu iko Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Suala la mkopo, usiweke kwenye bajeti kitu ambacho hujakipata. Uliza bodi na uliza chuo, na mpaka jina litoke panga kana kwamba utalipa mwenyewe. Uzuri wa masafa vyuo vingi unalipa kwa kozi unazochukua, kwahiyo unaweza kuchukua nne badala ya nane ukapumua. Ila kuna gharama hawaziandiki kwenye fomu: nauli ya kwenda kituo cha mkoa, gesti wakati wa mitihani, kuprinti, bando. Mimi siku za mitihani zilinimaliza kuliko ada, wiki mbili mjini unalala gesti na unakula hotelini, mpaka tulipojifunza kuchanga watatu tukapanga chumba kimoja na jiko la mkaa.

Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo uipate kwa maandishi KABLA hujaanza. Wengi wanasema mi nasoma jioni nyumbani haimhusu mtu. Inahusu. Siku umemaliza unataka kubadilishiwa muundo, yani kupangwa upya kazini kwa elimu yako mpya, wataanza kukuuliza ulisoma kwa kibali cha nani, ulikuwa kwenye mpango wa mafunzo? Nilipeleka barua yangu mara ya kwanza ikapotea, mara ya pili nikapeleka na nakala, nikagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nikaitunza kwenye bahasha moja na vyeti. Ile nakala imenisaidia baadaye kuliko kitabu chochote.

TENGENEZA KUNDI, NA KUNDI LIWE DOGO

Yale magroup ya WhatsApp ya watu 250 ni ya kupokea matangazo tu. Humo kuna biashara za vitenge, mahubiri, na mtu anauliza asaimenti inakusanywa lini kwa mara ya arobaini. Humo hakuna atakayejua umepotea. Kundi la kusoma liwe watu wanne au watano, kozi ileile, ikiwezekana wilaya ileile. Sisi tulikuwa wanne na sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, kila Jumapili saa mbili usiku kila mtu anarekodi sauti ya dakika tatu kueleza alichosoma wiki hiyo, kwa Kiswahili, bila kusoma kwenye karatasi. Ya pili, usiporekodi Jumapili mbili mfululizo mmoja wetu anakuja kwako kimwili. Na walikuja kweli. Mwaka wa tatu baba yangu alipofariki nilinyamaza karibu mwezi, Jumamosi moja nikasikia bodaboda nje, yuko mwenzangu kutoka kata ya jirani na begi la makaratasi, hakuniuliza kitu cha masomo, tulikaa tukala, akaacha yale makaratasi mezani akaondoka. Jumapili nikarekodi. Bila ile bodaboda mimi ningekuwa wa sita kupotea.

Ile kueleza kwa Kiswahili kitu ulichosoma kwa Kiingereza nayo usiidharau. Unaweza kudhani umeelewa kumbe umekariri maneno. Ukishindwa kumweleza mwenzio kwa lugha ya nyumbani hujaelewa, rudi.

Na walimu wa chuo watafute. Hapa kuna upungufu mkubwa na sitaufunika, unatuma asaimenti inarudi 14 kati ya 30, haina hata neno moja pembeni, hujui umekosea wapi. Ukiandika barua pepe ya "naomba msaada sir sijaelewa" hutajibiwa. Andika jina, namba ya usajili, kozi, halafu swali moja, fupi, la kitu maalum, mfano kwenye swali la pili nimetumia hoja hii, je ilikuwa nje ya mada? Mi nilijibiwa karibu kila nilipoandika hivo. Na zile siku za ana kwa ana kituoni usizikose hata ikibidi ukope nauli, ndizo siku pekee mwalimu anakuona sura.

BANDO, UMEME NA ILE SAA YA MFUMO

Kwetu mtandao ulikuwa unakamata vizuri chini ya mwembe nyuma ya ofisi, penginepo unazunguka tu. Kwahiyo nilijifunza kutotegemea kusoma nikiwa hewani. Nilikuwa nashusha kila kitu usiku kwa bando la usiku ambalo ni bei rahisi, pidiefu zote za semista wiki ya kwanza, naweka kwenye simu, kwenye flashi, na nakala kwa mwenzangu. Video za mihadhara punguza ubora mpaka chini, unahitaji sauti na slaidi, sura ya mwalimu hata ikiwa ukungu haidhuru. Somo gumu kabisa kaprinti steshenari, macho yanachoka kwenye simu na simu ina WhatsApp.

Laptopu ni nzuri ila usisubiri laptopu ndiyo uanze. Semista mbili za kwanza nimeandika asaimenti kwa mkono, afu Jumamosi nakwenda mjini kuzichapa. Ila chapa mwenyewe. Yule kijana wa steshenari anayekwambia "mwalimu niachie na ya kuandika nakuandikia", usimwachie, kwasababu mtihani utaingia wewe sio yeye, na vyuo siku hizi vina programu za kukamata kazi za kunakili.

Sasa kuna hili la saa, lisome mara mbili. Mwaka wa kwanza niliona kwenye mfumo asaimenti inafungwa tarehe 14, saa 00:00. Mimi kwa akili yangu nikajua ni usiku wa tarehe 14, nina siku nzima. Tarehe 14 asubuhi naingia nikiwa na kazi yangu nzuri ya kurasa nane, mfumo umeshafungwa. Saa 00:00 ya tarehe 14 ni saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 14, yani tarehe 13 ikiisha tu. Niliandika kuomba, nikaambiwa mfumo hauangalii sura ya mtu, ile kozi nilikuja kuirudia mwaka uliofuata na kuilipia upya. Toka siku hiyo kila tarehe ya mwisho naiandika kwa saa zetu na naitoa siku mbili: ikisema 14 saa 00:00, kwenye kalenda yangu ya ukutani naandika 11, saa mbili usiku. Umeme ukikatika nina siku. Mnara ukizima nina siku. Na ukishatuma piga picha ya skrini inayoonyesha imepokelewa, tarehe na saa vionekane.

MITIHANI MPAKA CHETI

Ruhusa ya siku za mitihani iombe ratiba ikitoka tu, sio wiki moja kabla, na mpe mwalimu mkuu na jina la atakayekushikia vipindi, hapo hawezi kukataa kirahisi. Fika mjini siku moja kabla. Beba kitambulisho na holi tiketi ya kuingilia mtihani, deni la ada limalize mapema maana kontrol namba, ile namba ya malipo, ukilipa leo mfumo unaweza usisome mpaka kesho kutwa. Sapu, yani mtihani wa kurudia, ikitokea isikutoe njiani, nilikuwa nazo mbili, nilizisoma zile kwanza kabla ya kuchukua kozi mpya.

Utafiti wa mwisho ndio unaoua watu wengi waliokwishamaliza kozi zote. Kozi zina tarehe, utafiti hauna, msimamizi yuko mbali, na wewe umeshaanza kujiita msomi mtaani. Chagua mada iliyo hapo ulipo, mimi nilifanya kuhusu utoro wa wanafunzi msimu wa kuvuna kwenye shule tatu ninazozifikia kwa baiskeli, nauli sifuri. Kubaliana na msimamizi tarehe ya kila sura, na wewe mwenyewe ndiye umkumbushe, yeye ana wanafunzi wengi.

Ukishapata cheti na transkripti, kabla hujaviweka kwenye fremu, toa nakala nne, zithibitishwe kisheria, peleka moja kwa afisa utumishi pamoja na nakala ya ile barua ya ruhusa, na usiondoke pale dirishani mpaka nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa.